Kujichapishia au Kumpa Mchapishaji: Ulinganisho kwa Mwandishi Anayetaka Kuhama

Mwandishi akishamaliza mswada, swali la kwanza huwa ni hili: nijichapishie mwenyewe au nimtafute mchapishaji? Wengi hulijibu mara moja na kulifunga, kana kwamba ni kiapo. Lakini historia ya vitabu huku kwetu haiko hivyo. David Maillu alianza na kampuni yake mwenyewe, Comb Books ya Nairobi, katika miaka ya 1970, na miaka ya 1980 akawa anatoa vitabu kwa Macmillan na Heinemann. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam, huku baadhi ya vitabu vyake vikitolewa na East African Educational Publishers ya Nairobi. Wote wawili walivuka mpaka huu.

Kwa hiyo tutalinganisha njia hizi kwa kitabu kimoja kimoja. Mwandishi yuleyule anaweza kuwa na riwaya kwa mchapishaji, diwani aliyoichapa mwenyewe, na kitabu cha watoto ambacho haki zake zimerudi mikononi mwake. Kinachoruhusu au kuzuia kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine ni vipengele vichache vya mkataba, na hivyo ndivyo watu wanavyovisoma wakiwa wamechelewa.

Hesabu ya nakala moja

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo maneno mengi husemwa bila hesabu. Chukua riwaya inayouzwa Sh 15,000 za Tanzania. Duka la vitabu linataka punguzo la asilimia 35, kwa hiyo kinachobaki ni Sh 9,750. Upande wa kujichapishia, tuseme umechapa nakala 500 kwa Sh 5,000 kila moja, na umelipa Sh 1,500,000 kwa uhariri, upangaji wa kurasa na jalada. Jumla umetoa Sh 4,000,000. Namba hizi ni za mfano. Weka za kwako kutoka kwenye nukuu ya bei ya mpigachapa, hesabu itabaki ileile.

| | Mchapishaji | Kujichapishia |
|---|---|---|
| Unachotoa mfukoni | 0 | 4,000,000 |
| Unachopata nakala ikiuzwa dukani | 975 (mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi, wa 10% ya mapato halisi, yaani kinachobaki baada ya punguzo la duka) | 9,750, kabla ya kurudisha mtaji |
| Unachopata ukiuza mwenyewe mkononi | kulingana na bei unayouziwa na mchapishaji | 15,000, kabla ya kurudisha mtaji |
| Nakala za kurudisha mtaji | hakuna | 267 mkononi, au 411 kupitia maduka |

Ukiuza nakala zote 500 mkononi, unabaki na Sh 3,500,000. Ili mrabaha wa Sh 975 ufikie kiasi hicho, mchapishaji anapaswa kuuza nakala karibu 3,600. Hapo wengi hupigwa na butwaa na kukimbilia kwa mpigachapa siku hiyohiyo. Subiri kidogo. Hakuna anayeuza nakala zote 500 mkononi. Nakala za amana, zile za lazima kisheria, zinakwenda maktaba, nyingine kwa wahakiki, nyingine kwa ndugu ambao hutawatoza, nyingine zinalowa au kukunjika. Chukua hali ya kawaida zaidi: 300 mkononi, 100 madukani, 100 hazikuleta hela. Mapato ni Sh 5,475,000, unabaki na Sh 1,475,000. Sasa mchapishaji anahitaji kuuza nakala 1,513 tu kukufikisha hapo, na wewe hukuweka hata shilingi.

Kumbuka pia kodi. Tanzania, mrabaha hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haujakufikia. Kenya ni asilimia 5 kwa mkazi na asilimia 20 kwa asiye mkazi, jambo ambalo Mtanzania anayechapishwa Nairobi anapaswa kulijua kabla ya kusaini. Dai hati ya kodi iliyokatwa. Bila hiyo huwezi kuonyesha kwamba ulishalipa.

Na usome vizuri maneno yanayofuata ile asilimia. Asilimia 10 ya bei ya rejareja kwenye mfano wetu ni Sh 1,500. Asilimia 10 ya mapato halisi ni Sh 975. Ofa ya asilimia 12 ya mapato halisi ni ndogo kuliko ya asilimia 10 ya bei ya rejareja, ingawa kwenye karatasi inaonekana kubwa.

Wasomaji wako wako darasani au mtaani?

Hili ndilo linaloamua zaidi ya yote. Soko kubwa la vitabu Afrika Mashariki ni shule, na mlango wa shule una bawabu. Tanzania, vitabu vya kiada vya elimu ya msingi na sekondari huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania yenyewe, na vitabu vya ziada na rejea vinahitaji ithibati, yaani kibali rasmi cha kutumika shuleni. Kenya, KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala, ndiyo inayotathmini na kuidhinisha, na vilivyopita huingia kwenye orodha inayoitwa Orange Book.

Mwandishi aliye peke yake anaweza kugonga milango hiyo, lakini atagongea akiwa amebeba mzigo wa kampuni nzima: usajili wa biashara, hati za kodi, ada za tathmini, nakala za sampuli, kujibu maoni ya wakaguzi kwa muda mfupi, na uwezo wa kuchapa maelfu ya nakala kitabu kikikubaliwa. Mchapishaji ana watu ambao kazi yao ni hiyo. Kama kitabu chako ni hadithi ya watoto ya darasa la tatu au tamthilia inayoweza kusomwa kidato cha tatu, mpelekee mchapishaji hata kama mrabaha ni mdogo. Kitabu kimoja kikiingia shule kinauza kuliko vitano vinavyopigiwa debe mtandaoni.

Kinyume chake, kitabu cha mafunzo ya ndoa, cha ufugaji wa kuku, cha ushuhuda wa dini, au cha mzungumzaji anayealikwa kwenye semina kila mwezi kina wasomaji ambao mchapishaji hawajui na wewe unawajua. Hapo kumpa mtu asilimia 90 ya mapato kwa wateja ambao utawaleta mwenyewe ni hasara.

Riwaya ya watu wazima iko katikati, na ndiyo inayosumbua zaidi. Maduka yanayoiuza ni machache, shule haziitaki, na mchapishaji ataichukua kwa tahadhari. Waandishi wengi wa riwaya wa Tanzania sasa wanauza sura kwa sura kwenye WhatsApp, wakilipwa kwa simu, kisha wanachapa kitabu baada ya kupima kiu ya wasomaji. Ni njia nzuri ya kupima, lakini ina madhara kwa anayetaka kuhama, kama tutakavyoona.

Kazi kabla ya mashine kuwaka

Kwa mchapishaji, kuanzia jibu la kwanza hadi kitabu dukani ni mwaka mmoja mpaka miwili, na jibu lenyewe huchukua miezi mitatu hadi sita. Ukijichapishia, miezi mitatu hadi sita inatosha kwa kila kitu, ukifanya kwa uangalifu. Tofauti hiyo ya muda haitokani na uzembe tu. Ndani yake kuna msomaji wa mswada anayeandika ripoti, mhariri wa maudhui, mhariri wa lugha, msoma prufu, na foleni ya vitabu vingine. Anayejichapishia anaruka foleni, na mara nyingi anaruka na wahariri pia. Hapo ndipo vitabu vingi vya kujichapishia vinapofia. Kama fedha inabana, punguza nakala, usipunguze mhariri.

Kuna makosa ambayo mhariri wa nyumba ya vitabu huyadaka kwa mazoea, na ambayo wewe utalazimika kuyadaka mwenyewe. La kwanza ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu nyingi za kupanga kurasa hufuata kanuni za Kiingereza hata maandishi yakiwa ya Kiswahili, zikakupa "mwan-afunzi", "kin-yume" na hata "ng'-ombe". Kiswahili hukatwa baada ya irabu: mwa-na-fu-nzi, ki-nyu-me. Zima ukataji wa moja kwa moja, kisha kata kwa mkono pale tu ambapo mstari umeacha mapengo makubwa. La pili ni ile alama ya ng'. Mswada uliopita kwenye simu, kompyuta na barua pepe huwa na alama tatu nne tofauti za ritifaa; ukitafuta "ng'ombe" unapata nusu yake. Zifanye zote kuwa moja kabla ya kupanga kurasa, na mazungumzo ya wahusika yaweke kwenye alama mbili za kunukuu ili ile moja ibaki kwa ng' peke yake.

Sasa karatasi. Mswada wa maneno 50,000 kwenye ukubwa wa A5, herufi namba 11, hutoa maneno 300 hivi kwa ukurasa, yaani kurasa 167. Ongeza kurasa nane za mwanzo, unafika 175. Mashine ya ofseti huchapa kurasa kwa mafungu ya 16, kwa hiyo kitabu hiki kitakuwa na kurasa 176, mafungu 11 kamili. Kingefika kurasa 178, ungelipia 192, na 14 kati ya hizo zingekuwa tupu. Kupunguza nafasi kati ya mistari kwa kiasi kidogo sana kunaokoa fungu zima. Muulize mpigachapa kuhusu mafungu kabla ya kufunga faili.

Kurasa 176 ni karatasi 88. Kwa karatasi ya gramu 80, mgongo wa kitabu unakuwa kama milimita 9. Jalada lisanifiwe baada ya kujua namba hiyo, na picha ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Anayetengeneza jalada mapema kwa kukisia mgongo huishia na jina la kitabu lililoteleza kuelekea upande wa mbele. Rangi nazo zigeuzwe kuwa za uchapaji, CMYK. Buluu inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia kwenye karatasi.

Jambo ambalo wapigachapa hawalisemi usipouliza ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi zinapaswa kulala sambamba na mgongo. Zikiukatiza, kitabu kinagoma kufunguka, kurasa zinajikunja mawimbi karibu na gundi msimu wa mvua, na mgongo unapasuka kabla kitabu hakijamaliza kuazimwa mtaani. Kupima ni rahisi: kunja karatasi taratibu pande zote mbili bila kuivunja. Mkunjo unaokubali kwa ulaini ndio ulio sambamba na nyuzi. Omba nakala moja ya mfano iliyofungwa kwa gundi ileile na karatasi ileile, ifungue mpaka ilale mezani, ndipo utoe idhini ya kuchapa.

Chini ya nakala 300 hivi, uchapaji wa dijitali huwa nafuu, kwa kuwa ofseti ina gharama ya kutengeneza pleti ambayo haipungui hata ukichapa nakala 50. Mpigachapa atakushawishi uchape 1,000 kwa sababu bei ya nakala moja inashuka. Ni kweli inashuka, ila nakala 700 zikilala chini ya kitanda, bei ya zile zilizouzwa imepanda.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ni yako kuiomba ukijichapishia: Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, Uganda kwa Maktaba ya Taifa. Usikubali mpigachapa akuwekee ya kwake. Namba hiyo inamtaja mchapishaji, na ikiwa na jina lake, oda za maduka na maktaba zitamfuata yeye. Baada ya 978, tarakimu 9987 au 9976 huonyesha kitabu kimesajiliwa Tanzania, 9966 au 9914 Kenya. Tarakimu zinazofuata ndizo za mchapishaji. Uliza utaratibu wa nakala za amana papo hapo unapochukua namba.

Kuuza: mali kauli na basi la mikoani

Mchapishaji ana wasambazaji, meza kwenye maonyesho ya vitabu ya Nairobi, na baadhi yao wana mkono unaofika mbali. Mkuki na Nyota, kwa mfano, vitabu vyake hupatikana Ulaya na Marekani kupitia African Books Collective ya Oxford, ambayo hushughulika na wachapishaji na si na mwandishi mmoja mmoja. Haimaanishi kila kitabu kinasukumwa kwa nguvu sawa. Baada ya miezi sita ya kwanza, mchapishaji mwenye vitabu vipya 20 hana muda na chako kama wewe ulivyo nao.

Anayejichapishia hupelekea maduka kwa mali kauli: unaacha nakala, unalipwa zikiuzwa. Fedha nyingi hupotelea hapa, na zaidi kwa kusahauliana kuliko kwa wizi. Andika hati ya kupokea mzigo kwa nakala mbili, ikiwa na idadi, bei, punguzo, tarehe ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala iliyochakaa. Anza na nakala tano hadi kumi kwa duka, rudi kila mwezi. Duka ambalo limeuza nane na halijalipa lisipewe nyingine mpaka lilipe. Nairobi, duka la Nuria limejijengea jina kwa kuuza vitabu vya waandishi waliojichapishia, na ni pa kuanzia kwa Mkenya.

Wateja wa mikoani utawatumia kwa basi. Kitabu chetu cha kurasa 176 kina uzito wa gramu 240 hivi, kwa hiyo boksi la nakala 40 halifiki kilo 10. Weka gharama ya kifurushi kwenye bei tangu mwanzo au iseme wazi kwenye tangazo. Mteja wa Mwanza aliyelipa Sh 15,000 akidaiwa nauli ya kitabu baadaye hatanunua cha pili.

Kuhama kutoka kwako kwenda kwa mchapishaji

Kitabu ulichokitoa mwenyewe kinaweza kuchukuliwa na mchapishaji, lakini kwake hicho ni kitabu kilichokwisha kukutana na soko. Atauliza kimefanyaje. Peleka daftari la mauzo kwa mwezi na kwa mahali, likionyesha ngapi zilinunuliwa na ngapi zilitolewa bure. Nakala 400 zilizouzwa kwa miezi minane katika miji mitatu zinasema zaidi ya maelfu ya wafuasi mtandaoni. Kwa upande mwingine, ukimwambia umekwisha kuwauzia wote waliokitaka, hana sababu ya kukichukua. Mwonyeshe soko ambalo hukuweza kulifikia: shule, Kenya kama uko Tanzania, maktaba.

Kisha safisha haki. Nani alichora jalada, na je alikupa haki ya kulitumia kwenye toleo moja au yote? Picha zilizookotwa mtandaoni zitolewe. Mashairi na nyimbo za watu uliozinukuu zipate ruhusa. Mkataba utakuwa na kifungu cha wewe kuthibitisha kwamba kazi haina mdai mwingine, na gharama za kesi zikija zitakuangukia.

Kama kitabu pepe kiko Amazon kwenye mpango wa KDP Select, uliahidi kutokiuza kielektroniki mahali pengine kwa siku 90, na mpango hujirudia usipouzima. Uzime mapema, subiri siku ziishe, ondoa kitabu, ndipo usaini. Sura ulizouza WhatsApp mwambie mchapishaji kabla hajazigundua. PDF ikishazunguka huirudishi, lakini anaweza kukubali kama toleo jipya lina sura zilizoandikwa upya. Mkubaliane pia nakala zako zilizobaki zitauzwa mpaka lini. Miezi sita ni ombi la kawaida. Toleo la mchapishaji litakuwa na ISBN mpya. Ile ya kwako ibaki na toleo lako.

Jambo moja linalowaumiza vijana: tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hushindanisha miswada, na ushindi huweza kukuletea uchapishaji na njia ya kuingia shuleni. Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili imekuwa ikipokea miswada na pia vitabu vilivyotoka katika miaka miwili iliyotangulia. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuchapa hata nakala 50, maana ukishachapa umejifungia mlango mmoja na kuanza kuhesabiwa muda kwenye mwingine.

Kuhama kutoka kwa mchapishaji kuja kwako

Safari hii ni ngumu zaidi, na huamuliwa siku ya kusaini. Tafuta mambo mawili kwenye mkataba. La kwanza, umetoa leseni au umeuza hakimiliki yote? Sheria ya Kenya inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi yaliyosainiwa, na ya Tanzania vivyo hivyo. Kama hakuna karatasi inayosema umehamisha, haki bado ni yako. Kama karatasi hiyo ipo na ulilipwa mara moja "kwa kazi yote", kama ilivyo kwa baadhi ya vitabu vya shule, hakuna cha kurudi.

La pili, kifungu cha haki kurejea. Vingi husema haki zitarudi kitabu "kikiisha sokoni". Maneno hayo yalikuwa na maana zama za ofseti tu. Leo kitabu pepe hakiishi, na mashine ya dijitali inaweza kuchapa nakala moja kwa mwaka. Omba kifungu kipimwe kwa mauzo: kwa mfano, zikiuzwa pungufu ya nakala 100 kwa miezi 12, mwandishi aandike barua, na mchapishaji asipochapa upya ndani ya miezi sita, haki zote zirudi. Mchapishaji makini hana sababu ya kukataa, na anayekataa amekueleza kitu.

Ukiwa tayari umesaini bila kifungu hicho, anza kwa kudai taarifa za mrabaha za miaka iliyopita. Kutokupewa taarifa kwa muda mrefu mara nyingi ni uvunjaji wa mkataba, na barua ya heshima inayotaja kifungu na tarehe hufanya kazi kuliko malalamiko ya simu. Haki zikirudi, zirudi kwa barua iliyosainiwa inayotaja jina la kitabu, lugha na aina zote za haki. "Endelea tu, hatuna tatizo" ya mdomoni haikusaidii meneja akibadilika.

Usichukue faili la kurasa la mchapishaji ukalipeleka kwa mpigachapa. Maneno ni yako, lakini upangaji wa kurasa, jalada na michoro huwa ni vyake au vya mchoraji. Tengeneza kurasa upya kutoka kwenye matini iliyohaririwa, pata jalada jipya na ISBN mpya, na kwenye ukurasa wa hakimiliki taja mchapishaji na mwaka wa toleo la kwanza. Uliza kama anauza nakala zilizobaki ghalani kwa bei ya gharama. Mara nyingi ndizo nakala nafuu kuliko zote utakazowahi kupata. Na usitegemee ithibati ya shule ihame nawe. Ilitolewa kwa toleo lile.

Warithi wa waandishi wa zamani wasikate tamaa pale kampuni ilipokufa. East African Literature Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Kenya Literature Bureau ikarithi shughuli zake Nairobi. Tafuta mrithi kwanza, dai mkataba, kisha uombe haki. Hakimiliki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya na Tanzania Bara, kwa hiyo familia nyingi bado zina mali mkononi zisiyoijua.

Anayekutoza akijiita mchapishaji

Kuna kampuni zinazosema "mswada wako umekubaliwa" kisha zinakutumia ankara, au zinakutaka ununue nakala 300 za mwanzo. Hiyo ni huduma ya uchapaji. Si dhambi kuinunua, mradi uilinganishe na bei za mhariri na mpigachapa, na faili zote, ISBN na haki zibaki kwako. Wanapotaka ulipe na pia wachukue haki kwa miaka kumi, ondoka.

Kitabu pepe na wasomaji wa ughaibuni

Msomaji wa Muscat, Minneapolis au London anakipata kitabu pepe kwa urahisi, lakini kwa lugha yetu kuna kizingiti. Orodha ya lugha ambazo KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, inazikubali kwa vitabu pepe kwa miaka mingi haikuwa na Kiswahili. Iangalie ilivyo sasa kabla ya kulipia utayarishaji wa faili. Mgao ni asilimia 70 kwa vitabu vya dola 2.99 hadi 9.99 kwenye nchi ambazo Amazon imezitaja, na 35 kwingineko. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mapato yanayotoka huko hukatwa asilimia 30.

Ndiyo maana kwa kitabu kimoja unaweza kuzigawa haki. Mpe mchapishaji haki ya kuchapa karatasi kwa Kiswahili, Afrika Mashariki, kwa miaka mitano au saba. Kitabu pepe, kitabu cha sauti, tafsiri na filamu vibaki kwako, isipokuwa akuonyeshe vitabu vya sauti ambavyo amekwisha kuvitoa na mahali vinapouzwa. Akisisitiza kuvichukua, weka muda: asipovitoa ndani ya miezi 18, virudi vyenyewe bila barua.